Stendi iliyosimama vizuri mpaka ilipoguswa: uchambuzi wa kisa cha mandolini moja Dodoma

Usuli

Mwenye mandolini ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa mjini Dodoma. Jina lake, mtaa wake na kanisa anakopigia nimeviacha kwa makubaliano yetu. Nitamwita Mwalimu, kama ninavyomwita siku zote. Mimi ni fundi wa ala za nyuzi: magitaa ndiyo mengi, fidla mara mojamoja, na mazeze pale mzee fulani anapochoka kujitengenezea mwenyewe.

Mandolini yake ilitoka Unguja. Mjomba wake aliipiga kwenye kikundi cha taarab, ikamfikia yeye kwa urithi. Ni ile ya mgongo bapa, tumbo lake kama tone la maji, nyuzi nane zinazokaa mbilimbili na kufungwa G, D, A na E kama fidla. Urefu wake ni sentimita 69, uzito gramu 920. Wakati fulani huko nyuma mtu aliipulizia vanishi ya NC (nitroselulosi), ile ya mafundi samani. Naomba msomaji aziweke hizo tarakimu na hiyo vanishi kichwani, maana vyote viwili vitatusumbua huko mbele.

Kuitoa ala ya mbao Unguja na kuileta Dodoma si safari ndogo. Kule hewa imeshiba maji mwaka mzima. Huku tunapata mvua ya milimita mia tano na ushei kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni ukavu, vumbi na upepo. Mbao hunywea, na mtu huanza kuhisi ncha za freti, vile vyuma vyembamba vilivyolala juu ya shingo, zikimkwaruza vidole pembeni mwa shingo. Mandolini ya Mwalimu ilikuwa imeshanywea hivyo kabla haijanifikia mikononi.

Stendi yenyewe aliagiza kwa mpwa wake, akainunua Kariakoo na kuipakia kwenye basi. (Alipopiga simu akisema "stendi imefika", mtu wa upande wa pili alidhani anazungumzia basi kufika Nanenane, stendi ya mabasi ya Dodoma.) Ilikuwa stendi ya gitaa ya bomba, miguu mitatu, inayokunjika, nyepesi: gramu 700. Muuzaji alimwambia inafaa "kwa ala yoyote ya nyuzi".

Kilichotokea

Ilikuwa jioni moja ya Agosti, kwenye mazoezi ya kikundi chao ukumbini. Walipumzika kunywa chai. Mandolini ilikuwa kwenye stendi karibu na mlango, na mlango ulikuwa wazi. Kikasikika kishindo. Walipogeuka, mandolini ilikuwa kifudifudi sakafuni, ikiwa na ufa nyuma ya shingo, pale shingo inapokutana na kichwa.

Kila mtu alisema ni upepo. Dodoma mwezi wa Agosti upepo hauhitaji shahidi, kwa hiyo niliandika "upepo" kwenye daftari langu na kuanza kazi. Siku mbili baadaye kijana mmoja wa kikundi alikuja karakana peke yake, akasimama mlangoni akizungusha kofia mkononi.

"Shikamoo fundi. Mimi ndiye niliyevuta waya wa maiki. Sikujua umepita chini ya mguu wa stendi."

Nilimshukuru kwa moyo wote. Bila yeye ningemshauri Mwalimu aisogeze stendi mbali na mlango, basi, na ingeanguka tena mahali pengine kwa sababu nyingine.

Matengenezo yenyewe hayana hadithi ndefu. Nyuzi nane za mandolini zikikazwa huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70 kwa pamoja, na mvuto huo wote unapita hapo kwenye ufa, kwa hiyo jambo la kwanza lilikuwa kuzilegeza. Nikaingiza gundi ya mbao, nikabana kwa saa 24, nikaiacha wiki nzima kabla ya kukaza tena kidogokidogo. Ufa ulifuata mkondo wa mbao, ukashika vizuri.

Uamuzi wa kwanza: ukutani

Mwalimu alisema hataki tena kitu chenye miguu. Tukaamua kuitundika ukutani sebuleni kwake kwa kishikio cha gitaa, ule mkono wenye vidole viwili vilivyovikwa sponji. Nilikubaliana naye, na hili ni kosa langu kabla halijawa lake. Nilikagua kama skrubu imeshika kwenye bloku, nikavuta kwa nguvu zangu zote, ikakaa. Niliona nimemaliza.

Sikuuliza ukuta ule unatazama wapi. Ulikuwa wa magharibi. Kuanzia saa nane mchana jua linaupiga kwa nje, na kufikia jioni ukiweka kiganja kwa ndani unahisi joto kama ubavu wa ng'ombe. Niliporudi baada ya wiki tatu nikiwa na kipimo changu cha unyevu, kilisoma asilimia 31 katikati ya chumba na 24 pale mandolini ilipokuwa ikining'inia. Ala za mbao hupendelea kati ya 40 na 55. Chumba chenyewe kilikuwa kikavu tayari, na sisi tulikuwa tumeitundika kwenye sehemu kavu kuliko zote.

La pili lilikuwa baya zaidi kwa macho. Sponji ilikuwa imeng'ang'ania vanishi. Nilipoitoa, iliacha alama mbili nyeupe zenye kunata, moja kila upande wa shingo. Vanishi ya NC haipatani na baadhi ya mipira na plastiki laini: kemikali zinazoilainisha plastiki huhama taratibu na kuingia kwenye vanishi, nayo inalainika. Joto huharakisha. Jambo hili mafundi wa magitaa wanalijua, hata mimi nalijua. Lakini kulijua nikiwa karakana kumbe hakukunisaidia nilipokuwa juu ya kiti sebuleni kwa mtu, drili mkononi na soda ikinisubiri mezani.

Uamuzi wa pili: ndani ya kasha

Tukairudisha kwenye kasha lake gumu, na kasha likaingia chini ya kitanda. Kwa usalama wa ala, hakuna kinachoshinda hapo. Kasha huzuia vumbi, hupunguza kupanda na kushuka kwa unyevu, na halipinduki.

Baada ya mwezi nilimuuliza mazoezi yanaendaje. Akacheka. "Fundi, ikiwa kwenye kasha naisahau. Mimi napiga dakika kumi wakati maharage yanachemka. Mpaka niiname, nivute kasha, nifungue, nifunge, maharage yameungua."

Kuna mafundi watakaosema ajipange. Mimi nadhani jibu lake lilikuwa hoja kamili. Ala iliyo mbele ya macho hupigwa. Iliyofungiwa hupona ikabaki pambo. Kwa hiyo stendi ilikuwa lazima, ila ilikuwa bado hatujaiona.

Uamuzi wa tatu: kwa mzee wa zeze na kwa seremala

Novemba nilikwenda kijiji kimoja wilayani Chamwino kumpelekea mzee mmoja upinde wa zeze niliomtengenezea. Baada ya mbukwenyi, salamu ya Kigogo, na habari za ng'ombe, nikaingia ndani na kuliona zeze lake. Lilikuwa limening'inia kwenye kigingi cha nguzo ya kati kwa kitanzi cha ngozi kilichozunguka shingo. Nguzo iko mbali na mlango na mbali na jiko. Nikamsimulia habari za mandolini, stendi na ukuta. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Sasa hiyo shingo mnaishikaje?"

Nilianza kujibu nikanyamaza. Kwenye stendi ya Kariakoo shingo ilikuwa haishikwi kabisa. Kile kishikio cha juu kilitengenezwa kwa urefu wa gitaa, na hata ukikishusha mpaka mwisho kilibaki juu ya kichwa cha mandolini, hewani. Ala ilikuwa imekalia mikono miwili ya chini na kuegemea bomba tu. Nayo ile mikono ya chini imeachana kwa kiasi cha tumbo la gitaa, wakati tumbo la mandolini lina upana wa sentimita 25 na linachongoka kuelekea juu. Ilikuwa imezama katikati ya mikono, imekwama kwa mbavu zake. Mimi niliiona ikiwa hivyo mara nyingi nikadhani imekaa.

Nilirudi mjini nikaenda kwa seremala ninayefanya naye kazi. Alikuwa na vipande vya mninga vilivyobaki kwenye milango. Hatukuchora chochote cha maana. Tuliipima mandolini yenyewe, tukakubaliana mambo matano, na la sita likaja baadaye kwa aibu.

Miguu iwe minne, kila mmoja sentimita 28 kutoka katikati. Kitako kiwe kizito, na uzito wote ukae chini. Pa kukalia pachongwe kufuata umbo la tumbo la mandolini hii, na pawe na tundu la kupokea kile kifungo cha mkanda na bati la kushikia nyuzi, visibebe uzito. Shingo ishikwe kwa ukanda wa ngozi wenye kifungo, kama kitanzi cha mzee. Na kila panapogusa vanishi, ikiwemo sehemu ya ndani ya ule ukanda, pavikwe kitambaa cha marekani, pamba tupu iliyofuliwa mara mbili, bila sponji wala mpira.

La sita ni mwinamo. Stendi ya kwanza tuliyoitoa ilikuwa karibu wima, digrii 5 tu. Seremala aliipenda kwa sababu "inapendeza kama askari wa gwaride". Tulipoweka mfuko wa mchanga wa kilo moja badala ya mandolini na kugonga meza kwa ngumi, mfuko ulidondoka mbele. Tukakata upya, digrii 15, ili uzito wenyewe uiegemeze ala nyuma hata kama mtu amesahau kufunga ukanda. Mwalimu alikuwepo akashuhudia. Seremala hakumtazama.

Alitoza shilingi 60,000 kwa mbao na ufundi. Ile ya Kariakoo ilikuwa 45,000.

Matokeo

Stendi ilikaa sebuleni kwa Mwalimu kwenye ukuta wa ndani, pembeni ya kabati la vyombo, mahali ambapo hakuna njia ya kupita. Usiku, na siku za vumbi, mandolini inarudi kwenye kasha. Kutwa inakaa juu. Sasa anapiga kila siku, kwa maneno yake na kwa ushahidi wa jirani.

Mwezi wa Aprili mjukuu wake alikimbia akakumbana na stendi kwa bega. Iliinuka upande mmoja ikarudi. Ukanda ulikuwa umefungwa. Hiyo ndiyo ajali pekee mpaka ninapoandika.

Zile alama za sponji hazikutoka zote. Nilisawazisha na kung'arisha, lakini ukiielekeza kwenye mwanga unaziona. Mwalimu anasema zitamkumbusha. Mimi pia.

Na kuna sehemu ambayo hatukufaulu. Stendi ya mninga ina kilo 3.2. Mwalimu haibebi kwenda mazoezini, wala sina haki ya kumlaumu, maana ana kasha mkono mmoja na mkoba mkono wa pili, na bodaboda haina mkono wa tatu. Nilipokwenda ukumbini mwezi Mei niliikuta mandolini imelazwa juu ya kiti cha plastiki, kile chenye mgongo unaopinda ukiegemea. Pale tumekubaliana, angalau kwa sasa, kwamba wakati wa chai inarudi kwenye kasha lililofunguliwa juu ya meza.

Uchambuzi

Swali lililonisumbua ni kwa nini stendi ya kwanza ilionekana imara machoni pa watu wazima wapatao kumi, mimi nikiwemo. Nadhani tulidanganywa na miguu mitatu. Mafiga matatu hayatikisiki, kila mtu kakua akiona hivyo, na ni kweli: kitu cha miguu mitatu hakiyumbi hata kwenye sakafu mbovu. Lakini kutoyumba na kutopinduka ni vitu viwili. Sufuria haipinduki kwenye mafiga kwa sababu ni pana, nzito na fupi. Mandolini juu ya bomba ni kinyume cha yote matatu.

Chukua kipimo. Miguu ya stendi ile ilikuwa na urefu wa sentimita 25 kutoka katikati. Mtu anafikiri ana sentimita 25 za usalama kila upande. Hana. Kitu hakipindukii kwenye mguu, kinapindukia kwenye mstari unaounganisha miguu miwili, na kwa miguu mitatu iliyoachana sawasawa mstari huo uko nusu ya urefu wa mguu: sentimita 12 na nusu. Ukiwa na miguu minne ya urefu uleule, unapata karibu sentimita 18. Ndiyo maana mandolini ililala kifudifudi katikati ya miguu miwili, upande ambao kila mtu aliona una ulinzi.

Sasa uzito. Stendi gramu 700, mandolini 920, jumla kilo 1.6 na kidogo. Ukisukuma kwa juu, sentimita 80 kutoka sakafuni, na kitovu cha uzito kikiwa katikati sawasawa, hesabu inatoa nguvu ya kama gramu 250. Nilijaribu kwa mizani ya ndoano, nikiwa nimeweka mfuko wa mchanga wenye uzito wa mandolini, ikaanza kuinuka kwenye 230. Hiyo ni robo kilo ya sukari ikivuta pembeni. Waya wa maiki unaweza, pazia likipata upepo linaweza, paka anaweza. Kwa stendi ya mninga, jumla ya kilo 4.1, mstari wa kupindukia ukiwa sentimita 20 na kichwa cha ala kikiwa sentimita 65 kutoka chini, hesabu inatoa kilo moja na robo. Mizani ilisoma kilo 1.1. Mara tano hivi ya ile ya kwanza, na hapo hatujahesabu ukanda.

Kwa hiyo ukienda dukani, usiitazame stendi ikiwa imesimama. Weka ala juu yake, mkono wako ukiwa tayari kudaka, kisha sukuma kichwa kwa kidole kimoja kuelekea kati ya miguu miwili. Muuzaji akikukataza, umeshapata jibu.

Kuhusu umbo, maneno "inafaa kwa ala yoyote ya nyuzi" ndiyo yaliyotugharimu. Stendi ya gitaa hudhani tumbo pana na shingo ndefu. Hata mandolini zenyewe hazifanani: za mgongo wa duara, zile za mtindo wa Napoli, hujiviringisha kwenye mikono ya bapa na zinataka sehemu ya kukalia iliyochimbwa, au zining'inizwe kwa shingo. Zile zenye konokono begani, mtindo uliotokana na Orville Gibson kule Marekani, uzito wake hauko sawa kushoto na kulia, na vile vipembe vyake hugonga mikono ya stendi. Kwa Mwalimu tulikuwa na bahati ya umbo rahisi, na bado tulikosea mara mbili. Stendi ndogo za ukulele au fidla mara nyingi hukaribia mandolini ya mgongo bapa kuliko za gitaa. Kama zingekuwa zinapatikana kwa urahisi mjini hapa, huenda tusingefika kwa seremala.

Ule ukuta nauhesabu kuwa uamuzi sahihi uliowekwa mahali pabaya. Kutundika kunaondoa kabisa tatizo la kupinduka, na ningekuwa nimechagua ukuta wa ndani na kuvika vidole kitambaa cha pamba tangu siku ya kwanza, huenda kisa hiki kingeishia hapo. Nilipima skrubu kwa sababu skrubu ndiyo niliyoijua. Jua na sponji havikunijia kichwani kwa kuwa siku ile havikuwa vinafanya lolote linaloonekana.

Kasha nalo lilikuwa jibu sahihi kwa swali ambalo Mwalimu hakuuliza. Yeye hakutaka ala salama, alitaka ala inayopigika ikiwa salama.

Kijana wa waya wa maiki ameagiza stendi kama ile kwa gitaa lake la besi. Seremala anataka kutumia vipimo vilevile kwa sababu kiolezo anacho. Nimemwambia asubiri: besi ile ina uzito wa zaidi ya kilo nne na shingo yake ni ndefu mno, kile kitako hakitatosha. Jumamosi tunaipima.